Isale la Ngaramtoni

Mdogo wangu Godbless ana miaka thelathini na minne na ndiye mwenyekiti wa umoja wa vijana usharikani kwetu. Nalisema hili mapema ili mjue tunaanzia wapi. Wenzake aliopata nao kipaimara sasa wako kwenye kamati ya ujenzi, wanasimama mbele ya kanisa kusoma taarifa, matumbo yametangulia, na watoto wao wenyewe wameanza mafundisho. Godbless bado anavaa fulana ya vijana, na kila uchaguzi ukifika anarudishwa kwenye kiti, maana hakuna mwingine mwenye uzoefu mrefu kama wake katika kazi ya kuwa kijana.

Anaishi kwa baba yetu hapa Sakina, katika chumba kile kile cha uani alichokuwa akilala akiwa shule ya msingi. Mimi ni Penina, dada yake mkubwa. Nina saluni mtaa wa pili, nina mume na watoto, na nina ufunguo wa nyumba ya baba, kwa sababu tangu mama alipofariki ni mimi ninayekwenda kufua mashuka ya pale. Ya Godbless nafua pia. Msiniambie kitu, mume wangu ameshaniambia.

Si mvivu, nisimsingizie. Anapiga video za harusi, na kazi yake watu wanaisifu. Ameingia kwenye harusi nyingi kuliko mchungaji, wala hajawahi kuchelewa hata moja isipokuwa yake mwenyewe. Marafiki zake wawili ni hivyo hivyo. Abdiel anauza makava ya simu na mpaka leo anaamshwa na mama yake. Lerionka alisoma Makumira akapata shahada, anatembeza watalii, lakini msimu ukiisha anarudi kulala kwenye kochi la kaka yake. Wakikaa watatu hawa kwenye benchi nje ya geti letu, ukipita utadhani shule zimefungwa.

Mwaka jana wakaamua kutengeneza filamu. Wakaiita "Tutahama Kesho". Ilihusu vijana watatu waliopita thelathini wanaokula kwa wazazi wao, ambao wameapa kwamba hakuna atakayehama mpaka mwenzake ahame kwanza. Hawakuhitaji kuigiza. Walichukua kamera ya harusi, wakafunga taa kwenye mparachichi wa uani, wakapiga picha maisha yao kama yalivyo, na kila mtu aliyeona vipande kwenye simu alicheka. Nilifurahi, nasema kweli. Nilidhani mtu akijiona vile kwenye kioo ataona aibu, atanunua godoro lake, ataondoka.

Kumbe aibu ilikuwa njiani, ila si hiyo niliyoingojea.

Lazima niseme habari ya masale, la sivyo hamtanielewa. Sisi ni Wachaga wa Machame. Baba yetu, Mzee Elirehema, alipokuja Arusha ujanani kutafuta kazi ya ufundi wa malori, alikuja na begi moja na vipande vya masale amevifunga kwenye gunia lililoloweshwa. Alipopata kiwanja akavipanda mbele, vikawa ua mrefu wa majani membamba ya kijani, na mtu wa kwetu akipita barabarani alijua bila kuuliza kwamba humu yumo Mchaga. Lakini isale si pambo. Mtu akimkosea mwenziwe kosa ambalo hakuna namna ya kulilipa, hukata isale, akalifunga fundo jani lake, akampelekea kwa mikono miwili. Aliyekosewa akilipokea amesamehe. Kulikataa ni kujitafutia makubwa. Na jambo lililosamehewa kwa isale halitajwi tena, si kwa ugomvi wala kwa utani. Limezikwa.

Nyumbani kwetu lilikuwepo jambo moja la namna hiyo. Baba, ujana ulipomchemka, alikuwa mlevi. Siku moja alimpiga mama. Mama akambeba Godbless mgongoni, akanishika mimi mkono, akaenda Ngaramtoni kwa kaka yake, Mjomba Sifaeli. Baba pombe ilipomtoka akakata isale, akatoka Sakina kwa miguu, akaifuata barabara ya Nairobi mchana kweupe na jani mkononi, watu wanamwona. Mvua ikamkuta getini kwa mjomba. Mjomba akamwacha pale amepiga magoti kwenye tope mpaka wakati wa kukamua ng'ombe. Mimi nilikuwa mdogo, nimesimama dirishani. Naikumbuka kofia yake inavyochuruzika, na namkumbuka anavyoteleza kila akijaribu kunyanyuka, na mbwa anavyombwekea. Mwishowe mjomba akatoka, akalichukua lile isale. Jioni ile ile tukarudi nyumbani. Baba hakugusa tena pombe, wala mkono wake haukumgusa tena mama. Na hakuna aliyelitaja jambo lile.

Isipokuwa mama. Alipokuwa mgonjwa, ugonjwa uliomchukua, alimwita Godbless kando ya kitanda akamweleza yote. Alitaka mwanawe wa kiume ajue mwanaume anaweza kuharibu na anaweza kujishusha, ili atakapooa asinyanyue mkono. Siri ya mtungi muulize kata, na kata yenyewe ilikuwa inaondoka. Alimpa kama mtu anavyokabidhi kitu kizuri kwa mtoto amtunzie.

Godbless akakitunza mpaka alipopata kamera.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa usharika Jumapili ya sikukuu ya vijana, baada ya ibada. Kwanza kulikuwa na mnada, watu wakanunua ndizi na mayai ya sadaka, ndipo madirisha yakafunikwa kwa vitenge na shuka likatundikwa ukutani. Godbless alimleta baba mwenyewe. Alimshika mkono akamketisha mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, kati ya mwinjilisti na mzee wa kanisa. "Baba, hapa utaona vizuri," alimwambia. Alikuwa amependeza, ana furaha ya mtoto aliyeshika namba ya kwanza.

Mwanzo tulicheka wote. Kijana wa kwenye filamu anamkosea baba yake, anakwenda na isale, anasamehewa. Kesho anakosea tena, anakwenda na masale matatu. Halafu mzigo kichwani. Halafu akaja na toroli limejaa masale, akaliegesha, akaweka miguu juu ya meza ya chakula kabla hata hajafika kwenye samahani. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mimi nilicheka, ingawa nilijua lile toroli lilijazwa kutoka wapi. Walikata ua wa baba mpaka ukabaki visiki. Baba alipouliza, "Mnafanyia nini masale yangu?" Godbless alimjibu, "Sanaa, baba," na baba akaingia ndani.

Kisha kikaja kipande kikubwa. Baba wa kwenye filamu, ambaye kila siku huwafokea vijana, anaonyeshwa alivyokuwa zamani. Godbless ndiye aliyemwigiza. Alivaa kofia ya pama kama ya baba yetu. Kabla ya kusema neno alikohoa, ehm-hm, akagusa ukingo wa kofia kwa vidole viwili, na ukumbi mzima ukageuka kutazama mstari wa mbele, maana mkohoo ule Sakina yote inaujua. Yule baba alikuwa amelewa. Alimpiga mkewe kofi la kuchekesha. Halafu akakokota furushi la masale kwenye mvua ya ndoo iliyomwagwa na Abdiel akiwa juu ya ngazi, akapiga magoti getini, akateleza, akanyanyuka, akateleza, suruali ikamshuka, mbwa akaja, mwishowe mwenye mbwa akamkumbatia. Watu walikuwa wanapiga mapaja. Watoto walianguka kutoka kwenye mabenchi.

Niliacha kucheka pale kwenye kofi.

Baba hakutoka. Ningependa angetoka. Alikaa ameshika kofia yake magotini mpaka majina ya mwisho yakapita, na kwenye majina yale liliandikwa kubwa, "Asante kwa baba yangu mpendwa". Mwinjilisti alimpa mkono akimpongeza kwa kuzaa msanii. Mzee wa kanisa, anayetoka Machame kama sisi, hakumpa mkono. Alitazama sakafu, na hapo ndipo nilipojua kwamba baba amejua kwamba watu wa kwetu wamejua.

Godbless alikuja mbio, amelowa jasho. "Baba, umeionaje?"

Baba akakohoa, akajisikia mwenyewe anavyokohoa. Kisha akasema taratibu, "Mama yako alikuambia?"

Niliona uso wa mdogo wangu ukishuka. Naapa, mpaka dakika ile hakuwa amefikiria. Kwake ilikuwa hadithi ya mama, nzuri, yenye mvua na mbwa. Hakuwahi kujiuliza mwenye hadithi ni nani. Mtoto ndivyo alivyo, akiokota kitu ndani ya nyumba anadhani ni cha kuchezea.

"Alikuambia," baba akajijibu, akavaa kofia, akaondoka.

Nyumbani hakufoka. Godbless akimwamkia, "Shikamoo baba," anaitikia, "Marahaba," na basi. Lakini aliacha kukaa kibarazani. Aliacha kwenda kwenye kikundi cha wanaume Alhamisi. Kipande kile cha tope Abdiel alikuwa ameshakitupia mtandaoni, kikaruka kwenye simu za watu kuliko harusi zote za Godbless zikijumlishwa, na vijana wa bodaboda pale njia panda wakawa baba akipita wanakohoa, ehm-hm, na kugusa helmeti kwa vidole viwili. Wala hawakuwa wabaya, walidhani mzee anafurahia. Baba akaanza kuzunguka nyuma ya gereji ili asipite pale. Mtu aliyeishi Sakina tangu ilipokuwa mashamba ya mahindi, sasa anapita uchochoroni kwenda kununua gazeti.

Godbless alimfuata Abdiel kumwambia akitoe. Abdiel alishangaa. "Kaka, watu wanakipenda balaa! Mzee amekuwa staa. Mwanangu, tukiacha moto upoe tumekwisha."

"Kitoe."

"Si umeandika mwenyewe? Si umecheza mwenyewe?"

Abdiel alikitoa siku iliyofuata akinung'unika, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Nilimkuta mteja wangu anakichekea kwenye simu nikiwa namsuka, nikamvuta nywele, nikasema samahani.

Nilimwambia mdogo wangu nilichokuwa nacho moyoni. Nilikuwa naanua nguo, naye amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ameshika shavu.

"Unajua unachotakiwa kupeleka."

"Isale?" Alicheka kicheko kibaya, cha mtu anayetaka kulia. "Dada, nimelisukuma kwenye toroli. Nikienda nalo si ataona namwigizia tena? Na liko wapi lenyewe? Angalia pale."

Tukaangalia wote pale mbele. Visiki. Vingine walivikata mpaka chini kwa sababu kamera ilitaka nafasi.

"Aibu yako," nikamwambia. "Kalitafute."

Nilimwonea huruma, lakini sikumwonyesha. Alizunguka Sakina siku nzima. Wachaga wa kule chini wenye masale walipomwona getini walianza kucheka kabla hajaamkia; mama mmoja akamwambia, "Chukua mwanangu, chukua na toroli." Akaondoka bila kuchukua. Alikuja kunieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipoelewa amefanya nini. Alikuwa amelichakaza jani lenyewe. Hakuna tena mtu ambaye angemwona amelishika akaamini.

Ikabaki Ngaramtoni, kwa Mjomba Sifaeli. Ilikuwa siku ya soko. Aliteremka pale kati ya magunia ya maharage na wauza mitumba, akapanda njia ya kwa mjomba huku miguu inamrudisha nyuma. Mjomba Sifaeli ni mzee mkavu, anafuga ng'ombe wa maziwa na anaongea nao vizuri kuliko anavyoongea na watu. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimekuona sokoni," mjomba akasema bila kuinua kichwa. "Kwenye simu ya muuza mitumba. Ulikuwa umevuliwa suruali."

Mjomba akakata fungu jingine la majani.

"Na mimi nilikuwa nani humo? Yule mwenye mbwa?"

"Ndiyo, mjomba."

"Yule mbwa wangu alikuwa na akili kuliko wewe. Alibweka akanyamaza." Akaweka panga chini. "Umefuata nini?"

"Naomba isale. Nyumbani yamekwisha."

Mjomba alifuta mikono kwenye suruali. Kisha akamwongoza nyuma ya zizi, mahali ambapo hatukuwahi kupita tukienda kusalimia, kwa sababu ni njia ya samadi. Pale palikuwa na kichaka cha isale, peke yake, kirefu kupita paa la zizi, kimenona kwa mbolea.

"Hili ni la baba yako," mjomba akasema.

Godbless hakuelewa.

"Lile alilokuja nalo. Unadhani nililipokea vizuri? Wewe kwenye sinema yako umeweka nimemkumbatia. Uongo. Nilimnyang'anya mkononi nikalitupa huku nyuma, mbele ya macho yake, nikamwambia chukua mkeo uende. Nilikuwa na hasira, ni dada yangu. Usiku sikulala. Isale halitupwi. Kulipokucha, wao wameshaondoka, nikaja kuliokota. Lilikuwa na kipande cha shina. Nikalipanda."

"Baba anajua?"

"Atajuaje?"

"Mjomba, miaka yote hiyo hukumwambia?"

"Jambo la isale halitajwi," mjomba akasema kwa ukali, kama vile Godbless ndiye mjinga kati yao. "Ningemwambiaje bila kulitaja? Mimi si kama wewe." Akalikata tawi moja kwa panga, akampa. Kisha, akiwa ameshageuka kurudi kwa ng'ombe wake, akaongeza, "Lishike vizuri. Usilikanyage tena."

Sasa, kutoka Ngaramtoni mpaka Sakina magari yamejaa tele. Hakuna aliyemwambia atembee. Lakini alitembea, kando ya barabara ile ile, jani amelifunga fundo, amelishika kwa mikono miwili. Watu wa kwenye magari walichungulia. Wanafunzi walimfuata wakiimba maneno ya filamu yake mwenyewe. Kwenye gereji mafundi walitoka chini ya malori, mikono imejaa grisi, wakapiga makofi wakidhani sehemu ya pili inapigwa picha, wakatafuta kamera imejificha wapi. Mtu mmoja akamwambia, "Godbless, teleza basi!" Aliniambia alitamani ardhi ipasuke. Aliniambia pia kwamba alikuwa anawaza baba alitembea hivi hivi, na yeye alikuwa kitoto mgongoni kwa mama kule mbele, sababu mojawapo ya baba kutembea.

Njia panda bodaboda walikohoa wote kwa pamoja. Lerionka alikuwa pale amekaa kwenye pikipiki ya mtu. Alimtazama rafiki yake usoni, akashuka, akawaambia wale vijana kwa sauti ndogo, "Oya, acheni. Hii siyo filamu." Wakaacha. Lerionka alibaki pale pale amevua kofia, hakumfuata.

Mimi nilikuwa uani natundika mashuka, baba yuko jikoni anachambua maharage. Geti likafunguka. Nikamwona mdogo wangu na vumbi mpaka kwenye nyusi na lile jani bichi mbele yake, nikabaki na shuka mkononi. Alipiga magoti palepale kwenye changarawe, karibu na visiki.

"Baba," akaita.

Baba akatoka. Alilitazama isale, akamtazama Godbless. Uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa. Akauliza, "Kamera iko wapi?"

Nawaambia, kofi lisingeuma kama swali lile. Godbless alijaribu kusema, machozi yakamtangulia. "Hakuna kamera, baba. Nimekuja mwenyewe."

Baba akainua kidole, akaonyesha getini. Tukageuka. Abdiel alikuwa kwenye upenyo wa geti, simu imeinuliwa, anatabasamu, maskini, amefuata nyuma tangu kwenye gereji akidhani rafiki yake amekuja na wazo jipya.

Sikumbuki nilivyovuka uwanja. Nakumbuka shuka, lilikuwa la kitanda kikubwa, limelowa chepechepe, nikamfunika nalo lote, yeye na simu yake, nikamsukuma nje, nikafunga geti. Akawa analia kule nje, "Dada Penina, dada Penina, ni mimi!" kama vile nilimfananisha. Siku nyingine ningecheka.

Niliporudi Godbless alikuwa hajanyanyuka. Paji la uso lilikuwa limekaribia chini. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi mbili tatu, machozi yanadondokea kwenye changarawe. Hakujitetea. Hakusema hakujua. Alisema tu, "Nilifukua kitu mlichozika na mama. Nikakifanya cha kuchekesha. Nimekukosea wewe, na mama nimemkosea kaburini."

Baba hakunyoosha mkono. Alikuwa analiangalia lile jani. "Umelitoa wapi? Kwangu hamkuacha hata moja."

"Ngaramtoni, baba. Kwa mjomba."

"Sifaeli amekupa isale?"

"Amesema ni lile lako. La siku ile. Alilipanda nyuma ya zizi, limekuwa kubwa limepita paa."

Kuku walipita katikati yao.

"Alilipanda," baba akasema.

"Kulipokucha. Amesema hakulala, akaja kuliokota."

Baba akakaa kwenye ngazi ya jikoni, taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kizito akaruhusiwa kukitua. Aliongea akitazama ukuta, wala hakuwa anaongea na sisi. "Mimi nilimwona analitupa. Kila Krismasi nimekula nyama ya mbuzi wake, nimeucheka utani wake wa shemeji, na kila nikimwangalia najiuliza kama alinisamehe au alimhurumia tu dada yake. Mama yenu amekufa sijamuuliza. Haliulizwi."

Sisemi Godbless alifanya vizuri. Asije mtu akageuza maneno yangu. Mtu akivunja mtungi wa mwenziwe akakuta hela ndani, bado amevunja mtungi. Lakini nilimwona baba yangu analia kwa mara ya pili maishani mwangu, na safari hii mvua haikuwepo ya kumsitiri.

Alinyanyuka akalipokea isale, kwa mikono miwili. "Limekwisha," alisema. Kisha akakohoa, ehm-hm, akagusa kofia, na Godbless akainamisha kichwa zaidi, kwa sababu alijua ni nani aliyemharibia mzee mkohoo wake. "Lete jembe."

Wakalipanda palepale mbele, kwenye nafasi ya kwanza ya ua.

Godbless sasa amepanga chumba kule juu karibu na soko la Ngaramtoni. Mashuka yake anafua mwenyewe, na yanaonekana. Uenyekiti wa vijana aliuacha. Filamu haitajwi nyumbani kwetu, imezikwa kama inavyotakiwa, lakini simu za watu hazina habari na isale. Kipande kile bado kinazunguka. Juzi tu nimekiona tena kwa mteja.

Jumapili iliyofuata baada ya siku ile, baba alivaa koti lake, akachukua kitabu cha nyimbo, na badala ya kugeuka uchochoroni akashika njia ya mbele. Godbless alikwenda pembeni yake, mimi na watoto nyuma yao. Tulipofika njia panda kijana mmoja wa bodaboda, mgeni pale, akawaona akakohoa, ehm-hm, na wenzake wawili wakacheka. Godbless akaangalia chini, masikio yamemwiva.

Baba akamshika kiwiko, akamsogeza upande wa ndani, yeye mwenyewe akabaki upande wa barabara, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo malori yakipita. Wakaenda hivyo hatua kadhaa. Ndipo mdogo wangu akapunguza mwendo, akazunguka nyuma ya baba, akahamia upande wa barabara.